Majibu ya Ndugu Wasioonekana

Wallenbach, 20 Oktoba 1616

Mpwa wangu Wendel,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani mimi na binti yangu Apollonia, maana tangu mke wangu atutoke nyumba nzima ndiyo hiyo. Nasikia umepewa kanisa lako mwenyewe huko Hohenrain, na kwamba Sabina ni mjamzito. Marehemu dada yangu angekuwepo angeringa sokoni mpaka watu wamkimbie. Nimeringa mimi kwa niaba yake. Kila anayeingia dukani kutafuta dawa ya kikohozi namwambia kwamba mtoto niliyemlea sasa anavaa joho jeusi na kuwakemea watu wazima kwa ulevi. Wanacheka, wanauliza mbona hakuanza na mjomba wake.

Zabibu zimeharibiwa na mvua, divai ya mwaka huu itakuwa siki. Apollonia aliangukia jiko juma lililopita. Kifafa kilimshika akikoroga uji, na mkono wa kushoto umeungua mpaka kwenye kiwiko. Ana miaka kumi na sita sasa na hakuna kijana anayethubutu kuleta posa. Ninampa mzizi wa peoni kama kawaida, unapunguza, hauponyi. Unajua mwenyewe, wewe ndiye uliyekuwa ukimshika kichwa asijigonge alipokuwa mdogo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Umekisoma kile kitabu kidogo kuhusu Ndugu Wasioonekana? Usiniambie hujakisoma, Swabia nzima inakisoma. Ni watu wenye elimu wanaoishi kwa siri miongoni mwetu. Wameipata hekima ya Wamisri na ya Waarabu, wanajua nyota inavyosema na mmea na mmea unavyosema na kiungo cha mwili, na wanaponya wagonjwa bure. Miaka arobaini nimesaga chumvi, kiberiti na zebaki nikijua kuna mlango mahali fulani, nikawa napapasa ukuta tu. Kitabu kinasema anayewataka asiwatafute. Achapishe barua ya wazi yenye jina lake, nao wataisoma popote walipo. Nimeandika yangu. Nakutumia rasimu uninyooshee Kilatini, maana changu ni cha kwenye vichupa vya dawa.

Mjomba wako,
Ambros Haug


Hohenrain, 28 Novemba 1616

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilifika kwa siku sita tu. Kuchelewa ni kwangu, nisamehe. Sabina bado anatapika asubuhi na anakula kabichi chachu mchana kutwa. Kanisa linavuja upande wa mimbari, na mzee wa kanisa huniwekea chupa ya mchanga ya kupimia saa mbele ya macho ili nisipitishe saa moja ya mahubiri. Ukimwacha yeye, watu wa hapa ni wema kwetu, na nyumba waliyotupa ina jiko zuri la vigae.

Nimeumia kusikia habari za mkono wa Apollonia. Usimwache karibu na moto, Mjomba. Mpe mashuka ya kushona, achambue mitishamba mezani, lakini moto mwachie mtumishi.

Kilatini chako sikukigusa. Si kwamba ni kibaya. Nakuomba usiichapishe hiyo barua, na kama ni lazima, basi utoe jina lako, utoe nyumba na mtaa, na utoe kabisa ugonjwa wa mtoto. Kwenye soko la vitabu la Frankfurt watu wananunua barua za namna hiyo kwa kuzicheka. Umeniuliza kama nimekisoma kitabu. Nimekisoma. Chuoni kilikuwa kikipita mkono kwa mkono kabla hakijachapwa. Kuhusu waliokiandika sina la kusema.

Mpwa wako,
Wendel


Wallenbach, 2 Februari 1617

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumepata baridi ya kupasua mitungi. Jirani yetu mshona viatu amefariki, na mjane wake anataka nimpe dawa ya usingizi kila siku, namnyima. Sabina asile kabichi nyingi hivyo, mtoto atatoka na gesi.

Barua nimeichapisha. Ulipokuwa umekaa kimya nilimwendea mwalimu wa shule, akaninyooshea Kilatini kwa chupa mbili za divai siki. Jina langu limo, duka limo, mtaa umo, na Apollonia yumo. Wanijibu vipi kama hawajui pa kuleta dawa? Unanishangaza, Wendel. Mwenzako akipotea msituni humwambii aite kwa sauti ya chini.

Sipo peke yangu. Kuna tabibu wa Danzig amechapisha yake, na mwanasheria mmoja wa Strasbourg, na wengine hata sijui majina yao. Wote tunangoja. Safari ya Frankfurt nimeiacha mwaka huu, wasije wakaja wakakuta mlango umefungwa. Pia nilikwenda Ulm kumwona daktari mmoja ambaye watu wanamnong'ona kuwa ni wa Udugu. Nilimwuliza waziwazi. Akacheka, akasema yeye si Ndugu wala hajawahi kumwona. Nikarudi na furaha kubwa, maana kanuni ya tano ya kitabu inasema: Ndugu akiulizwa, akane, akibanwa, akane zaidi. Asiyekuwa Ndugu angesita kidogo, angetaka nimdhanie. Yule hakusita hata kidogo.

Mzizi wa peoni nimeuacha. Sitaki dawa yao ikute mwili umejaa dawa yangu. Apollonia ameanguka mara nyingi kuliko zamani, lakini anavumilia. Anajua tunangoja nini.

Mjomba wako


Hohenrain, 26 Februari 1617

Mjomba,

Sabina amejifungua mtoto wa kike, mzima, tumemwita Ursula kwa jina la mama. Nitakuandikia marefu siku nyingine. Leo nina ombi moja tu: mpe Apollonia mzizi wake. Mpe kesho asubuhi, usingoje mtu yeyote.

Wendel


Wallenbach, 10 Mei 1617

Mpwa wangu mpendwa, baba wa Ursula,

Mbusu mtoto kwenye nyayo kwa ajili yangu. Huku miti ya matofaa imechanua yote, na mimi nimechanua zaidi. Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma.

Wamenijibu.

Ilikuwa Jumatatu baada ya Pasaka. Nilishuka asubuhi kufungua duka, komeo likiwa mahali pake, nikakuta chini ya mlango karatasi iliyokunjwa mara nne, haina jina la mletaji wala nembo. Kilatini safi, mwandiko wa kuinamia nyuma ambao sijawahi kuuona. Wananiita mwenzao katika kazi. Wanasema wameona machozi yangu. Wananiagiza ninyamaze, nisichapishe tena, nisitafute mtu. Kila alfajiri nimpe binti mzizi wa peoni, alale vya kutosha, asikae karibu na moto, na ningoje bila kuuliza. Peoni, Wendel. Mimi niliuacha kwa ujinga, wao wakanirudisha kwake. Ni wiki tano sasa na Apollonia hajaanguka hata mara moja. Jana ameimba akichambua mitishamba.

Nililia mbele ya wateja. Sioni aibu kukuambia.

Najua wamesema ninyamaze, ila nimefikiri sana. Hakuna mtu aliyechapisha barua na kujibiwa, si Danzig wala Strasbourg. Wale wote wanateseka kwa kungoja na mimi nina jibu mfukoni. Kunyamaza kungekuwa uchoyo, na Ndugu hawawezi kupenda uchoyo. Wananipima. Nimempelekea mchapaji barua yao pamoja na shukrani zangu.

Mjomba wako mwenye furaha


Hohenrain, 16 Mei 1617

Mjomba,

Nakuandikia saa ileile niliyopokea barua yako. Ichome hiyo karatasi. Mzuie mchapaji, mlipe akivunje alichokipanga. Ulipewa agizo moja tu, la kunyamaza, na hilo ndilo ulilolivunja. Nakusihi kwa jina la mama yangu.

Wendel


Wallenbach, 3 Agosti 1617

Mpwa wangu,

Natumaini Sabina na mtoto hawajambo. Sisi huku tunapumua.

Umekasirika nami, nami nilikukasirikia pia. Tuyaache. Kijitabu kilitoka Mei, na Juni kikamfikia mhubiri wetu mpya, mtu mkavu kutoka kaskazini. Alikisoma mimbarani nikiwa nimekaa safu ya tatu. Akawauliza waumini: barua isiyoletwa na mtu, iliyopita kwenye mlango uliofungwa kwa komeo, imetoka kwa nani? Akawaachia wajijibu. Tangu siku ile wanaokuja dukani wanaingia kwa mlango wa nyuma, na wengine hawaji.

Baraza la mji liliniita mara mbili. Niliwaambia mwenye mwandiko ana mkono, na mwenye mkono ana mwili, kwa hiyo si pepo. Meya akanijibu kwa upole, tulisoma wote darasa moja, akasema: "Basi mtaje, Ambros. Tupe jina la mtu mwenye mwili, hata awe nani, sisi tutakusimamisha mlangoni mwa kanisa Jumapili tatu na shuka jeupe, yaishe. Usipomtaja, kesi si yangu tena." Nimepewa mpaka sikukuu ya Mikaeli, tarehe ishirini na tisa Septemba. Baada ya hapo ni waamuzi na mnyongaji, na kosa litaitwa kuandikiana na Shetani.

Nitamtaja nani? Sijui jina lolote. Kwa sasa nimefungwa kwenye mnara wa lango la chini. Chumba si kibaya, kina dirisha. Mke wa mlinzi niliwahi kumtumbua jipu, kwa hiyo barua zinatoka, na Apollonia huniletea zinazoingia ndani ya mkate. Wewe una elimu, umezunguka. Kama unajua lolote, hata fununu, niandikie.

Mjomba wako


Hohenrain, 20 Septemba 1617

Mjomba wangu,

Barua yako ilinifikia tarehe tisa Agosti. Nimekaa nayo wiki sita. Nitakuambia kwa nini, lakini kwanza jambo unalolihitaji: nitaje mimi. Wendel Rauscher, mchungaji wa Hohenrain, mtu mwenye mwili. Barua iliyokuwa chini ya mlango wako niliiandika mimi.

Niliiandika Jumatano kabla ya Pasaka kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana maandishi yamelala nyuma. Nilimpa mfanyabiashara wa sufu anayepita kwenu, nikamwomba aisukume chini ya mlango kabla watu hawajaamka. Nilitaka Apollonia apate dawa yake. Nilikuambia kama mpwa wako ukakataa, nikaona labda utawasikiliza wao. Nilitaka pia unyamaze.

Kuna zaidi, na hili ndilo lililonifunga mdomo mwaka mzima. Hakuna Ndugu, Mjomba. Hawajawahi kuwepo. Kitabu tulikiandika sisi watatu chuoni, majira ya baridi ya mwaka 1608, njia zilipofungwa na theluji tukawa hatuna la kufanya ila kukaa kando ya jiko la ukumbini. Kilian Mock aliandika safari za mwanzilishi huko Misri na Uarabuni. Joachim Seitz aliandika habari za nyota. Mimi niliandika kanuni. Ile ya kukana ni yangu, niliitunga tukiwa tunakula, ili asiwepo mtu wa kuweza kutuumbua, na tulicheka mpaka msimamizi akaja kugonga mlango. Kuna mtu alikinakili, wa pili akakinakili kwake, na miaka sita baadaye nikakiona kimechapwa. Kilian alikufa kwa homa. Joachim ni karani wa mtawala na hajibu barua zangu.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa utani mtupu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikitamani kwa dhati watu wa namna hiyo wawepo. Nilipowaza sura zao nilikuwaza wewe, ukiwa na kile kinu chako na vidole vya njano. Labda ndiyo sababu kitabu kilikuingia hivyo.

Wiki sita nilizokaa kimya nilikuwa naogopa. Mchungaji aliyetunga udugu wa uongo na kughushi barua atavuliwa joho siku hiyohiyo. Nyumba hii ni ya kanisa, na Ursula ana miezi saba. Sina cha kujitetea zaidi ya hapo. Wape baraza barua hii yote, ina jina langu, tarehe na kanisa. Linganisha mwandiko: nimeandika mistari mitatu ya mwisho kwa mkono wa kushoto ili waone wenyewe.

Nisamehe. Uliponilea hukunifundisha hivi.
Nitakubali chochote watakachonifanya.
Mpwa wako, Wendel


Wallenbach, mnarani, 4 Oktoba 1617

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya tatu sikuimaliza kwa machozi. Yalikuwa ya furaha, usiogope.

Nilikuwa mjinga kiasi gani. Nilikwenda mpaka Ulm kwa miguu yangu mibovu kumtafuta Ndugu, na Ndugu nimemlea mwenyewe, nimemtengenezea uji, nimemchapa kwa kuiba sukari ya dawa. Kila kitu kikajipanga. Ukimya wako wote ule. Kwamba hukutaka jina langu lichapishwe. Kwamba ulijua kabla yangu mimi kuwa Apollonia anahitaji nini, na barua ya Ndugu ikasema hayohayo.

Akiulizwa, akane, akibanwa, akane zaidi. Daktari wa Ulm alikana kwa maneno matano, na labda kweli si mmoja wenu. Wewe umekana kwa kurasa nne. Umejivika fedheha, umejiita mwoga na mghushi, umewatukana wenzako, mradi siri ibaki na mimi nitoke. Sijawahi kupendwa na mtu namna hiyo. Lakini kama wewe umeishika kanuni kwa gharama hiyo, mimi niivunje kwa kuogopa shuka jeupe?

Barua nimeichoma kwenye mshumaa, mistari ya mkono wa kushoto nayo. Mikaeli imepita. Jana waliniuliza jina, nikawaambia silitoi. Wamenionyesha vyombo vya mateso. Mara ya kwanza wanaonyesha tu, mnyongaji anakueleza kila kimoja kwa adabu kabisa. Niliogopa, sitakuficha, ila nilipowaza kuwa ni wewe ninayekufunika mwili ukatulia. Nimekuwa napapasa ukuta maisha yangu yote, sasa mkono umegusa mlango.

Usije. Ukija nitaapa mbele yao kwamba unadanganya kwa kunihurumia, na watakuzuia na wewe. Kaa na mkeo na mwanao. Nikishamalizana na hawa namtuma Apollonia kwako. Nimemwambia jambo moja tu.

Mjomba wako, na mwenzako katika kazi


Hohenrain, 11 Februari 1618

Mjomba wangu,

Nyumbani tuko salama. Ursula ameota meno manne na anasimama akishika meza. Mimbari bado inavuja.

Najua naandika barua isiyo na pa kwenda. Walikukata kichwa tarehe tisa Novemba, wakachoma mwili pamoja na vitabu vyako, na kabla ya hapo wakawasomea watu ile karatasi yenye mwandiko wangu. Aliyenisimulia ni yuleyule mfanyabiashara wa sufu. Anasema mikono yako ilikuwa haifungiki tena vidole, lakini ulitembea bila kushikwa. Hukutaja mtu.

Siku niliyopata barua yako ya Oktoba nilifungasha mkoba. Kutoka hapa ni mwendo wa siku nne tu. Nilikwishamwambia Sabina kila kitu, akalia, na huku analia akanifungia mkate na jibini. Nikakaa kizingitini kuvaa viatu. Nikaitoa barua kuisoma tena, nikafika kwenye neno usije. Nilifurahi, Mjomba. Sikulilia wala sikubishana nalo, nililifurahia, kama mtu aliyesamehewa kazi. Nikavua viatu. Sabina akaurudisha mkate kabatini, na tangu siku hiyo ananiita Mchungaji hata tukiwa wawili. Jumapili ile nilihubiri juu ya utii.

Apollonia alifika kabla ya Krismasi na kifurushi kimoja. Alinibusu mkono. Nilimzuia, akaubusu tena. Nimempa chumba cha juu, mbali na jiko. Kwa siku nyingi hakuomba chochote, alikaa tu mahali anapoweza kuniona, nikiandika, nikila, nikizungumza na watu mlangoni. Kila asubuhi nilimpelekea mzizi wa peoni na kila asubuhi aliurudisha kwa adabu. Alisema huo ni wa dukani kwao, yeye amekuja kwa ajili ya ile dawa nyingine, ya Udugu. Akaanza kuanguka tena, mara mbili kwa juma, halafu kila siku.

Nikamkalisha chini nikamweleza yote. Nilimweleza chuo, theluji, Kilian na Joachim, kanuni, mkono wa kushoto. Nilichukua karatasi nikaandika mbele ya macho yake kwa mkono huo, mwandiko uleule. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akasema, "Baba alisema utasema hivyo." Alikuwa akitabasamu ili nisione vibaya.

Jana alianguka mara tatu. Ya tatu ilikuwa kwenye ngazi, na nilimkuta chini, damu ikitoka sikioni. Nilimshika kichwa mpaka kifafa kilipomwacha. Alipofumbua macho akaniuliza, "Kaka Wendel, wakati umefika?"

Sabina alikuwa amesimama mlangoni amembeba mtoto. Alikuwa anasikia. Nilijua jibu la kweli, na nilijua kwamba nikilitoa hatakunywa kitu na hatafika Pasaka.

Nikamwambia, "Bado. Udugu unataka unywe huu mzizi kwanza."

Akaupokea kwa mikono miwili, akanywa.

Wendel